Jiwe Jeusi la Mama Bénie

Jiwe lile nililitengeneza mimi mwenyewe, kwa mfupa wa ng'ombe, ili nionyeshe kwamba halina kazi. Ninaanza hapo kwa sababu watu wa Beni wakisimulia habari hii wanaanza mahali pengine.

Ilikuwa Noeli ya mwaka juzi, nyumbani kwa mama mkwe wangu, Koko Berthe, mjini Beni. Mimi, Kanyere, ni mtu wa labo, napima damu na makohozi katika kituo kimoja cha afya hapa Butembo. Nina diploma, nina watoto wanne, na sina uvumilivu mwingi. Koko Berthe alikuwa na jiwe jeusi la nyoka, dogo kama kipande cha sabuni iliyokaribia kwisha. Padri mmoja mzungu alimwachia marehemu mume wake zamani. Mtu akiumwa na nyoka wanamchanja kwa wembe palepale palipoumwa, damu ikitoka wanaweka jiwe, nalo linashika. Wanasema linanyonya sumu. Likishiba linaanguka lenyewe, wanalitia katika maziwa ya moto, linatoa mapovu, wanasema sumu ndiyo hiyo inatoka. Maziwa wanayamwaga chooni ili kuku wasife.

Mwaka huo nilikuwa nimeona wagonjwa watatu kutoka upande wa Mabalako, waliofika kwetu siku ya nne, mawe yao bado yamefungwa kwa vitambaa. Wawili tuliwazika. Kwa hiyo siku ya Noeli nilichukua mfupa wa paja uliobaki katika sahani, nikaukata kwa msumeno vipande vitatu, nikavifunga ndani ya mkebe wa maziwa ya unga na kuvichoma katikati ya makaa saa nzima mpaka vikawa vyeusi kabisa. Nikavisugua kwenye simenti ya uwanja. Shemeji yangu Zorobabel alikuwa amejikata kidole akipasua nyama. Nikamwekea kipande kimoja. Kikashika.

"Haya," nikawaambia wote. "Zorobabel ameumwa na nyoka gani?"

"Nyoka ya kisu!" akajibu mwenyewe, watu wakacheka.

Nikakibandua, nikakitia katika maziwa. Mapovu yakatoka mengi kuliko ya jiwe la padri.

"Na hii ni sumu gani? Ni hewa. Mfupa uliochomwa una vitundu, maziwa yanaingia, hewa inatoka. Hata tofali linafanya hivyo. Na linashika kidoleni kwa sababu kidole kina maji. Basi."

Nilifikiri nimeshinda. Koko Berthe akachukua kipande changu, akakigeuzageuza, akakiweka karibu na jiwe lake lililokuwa limeshapasuka ufa. Vilifanana. Nikaona macho yake yamejaa machozi.

"Padri alisemaka hii kazi itakufa na ye," akasema. "Kumbe Mungu, Nyamuhanga, alikuwa naitunza mu mukono ya muke ya mwana yangu."

"Mama, ni mufupa ya nyama tulikula leo!"

"Na Yesu alitumia matope."

Nilivitupa vipande vyote vitatu katika pipa la takataka, nikanawa mikono, nikarudi Butembo. Sikurudi kutazama lile pipa. Hapo ndipo nilipokosea.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, binti yangu mkubwa, Bénie, mwenye miaka kumi na saba, alikwenda kutumia likizo katika shamba letu la kakao kule Mabalako, ambako baba yake Lusenge anakaa sehemu kubwa ya mwaka. Siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, nikiwa labo, Lusenge akanipigia. Mume wangu ni mtu mtulivu. Hata nyumba ikiungua atakuuliza kwanza kama umelala vizuri.

"Mama Bénie, usishituke. Jana Bénie aliumwa na nyoka."

"Wapi?"

"Ku mukono. Alikuwa nakata kakao, kanyoka ka kijani kakatoka mu majani."

"Muko hospitali gani?"

"Hapana, tuko ku shamba. Mais usiogope, tulishaweka jiwe. Tangu jana saa nane iko nashika tu."

"Lusenge! Jiwe la nini? Jiwe la mama yako linafanya nini mkononi mwa mtoto wangu?"

"Hapana ile ya mama. Ni ile yako."

"Yangu ipi?"

"Ile ulifanyaka Noeli. Mama aliziokota mu takataka, akatupatia moja ya kuweka ku shamba. Iko nanyonya vizuri, kuliko hata ile ya zamani."

Mbele yangu kulikuwa na vioo kumi na viwili vya makohozi ya kusoma kwa hadubini. Nakumbuka idadi kwa sababu nilivihesabu mara mbili nikitafuta la kusema. Kisha nikapiga kelele hadi wagonjwa wa nje wakachungulia dirishani. Nilimwambia ampakie mtoto kwenye pikipiki sasa hivi, ampeleke hospitali Beni. Akasema jiwe likitolewa kabla halijashiba sumu inarudi mwilini. Nikamwambia basi lipande nalo, lilipiwe kiti chake, lakini waondoke. Akakubali.

Nilichukua mirija sita mipya ya kioo, sindano na pamba, nikapanda gari ya Beni. Mirija ya kioo, siyo ya plastiki, kwa sababu kuna kipimo kimoja cha sumu ya nyoka ambacho hakihitaji mashine wala umeme. Unatoa damu kidogo, unaitia katika kioo kikavu, unaiacha dakika ishirini bila kuigusa. Damu ya mtu mwenye afya inaganda. Damu iliyoharibiwa na sumu inabaki maji.

Nilifika Beni saa sita na nusu. Hawakuwa hospitali. Jiwe lilikuwa limeanguka njiani, na Lusenge akaona afadhali apite kwanza kwa mama yake, lioshwe na kurudishwa. Nilimkuta Bénie ameketi sebuleni, mkono umevimba hadi kiwiko, unang'aa kama mbilingani. Pale walipomchanja kwa wembe jana yake, damu ilikuwa bado inatiririka, polepole, haisimami. Kitambaa cha tatu kilikuwa kimelowa.

"Ona vile sumu iko natoka," akasema Koko Berthe kwa furaha.

"Hiyo ni damu, mama."

"Damu yenye sumu."

Bénie akanitazama akijaribu kutabasamu, na nikaona mstari mwekundu juu ya meno yake. "Mama, meno iko natoka damu. Nilipiga tu mswaki. Mais maumivu imepunguka. Jiwe yako ilisaidia."

Ningembeba tu. Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Lakini Bénie mwenyewe alikuwa anasubiri jiwe litoke katika maziwa, baba yake amesimama mlangoni hajui amsikilize nani, na mimi nilitaka kuwashawishi. Hata sasa siwezi kusema vinginevyo: nilitaka waone kwa macho. Nikamtoa Bénie damu, nikaitia katika mrija. Nikajitoa na mimi yangu, nikaitia katika mrija wa pili, ili wasiseme kioo ndicho kibovu. Nikaisimamisha yote miwili katika bilauri ya sukari mezani.

"Dakika ishirini," nikasema. "Zote mbili zikiganda, narudi Butembo na sitafungua tena kinywa changu juu ya mawe. Ya Bénie isipoganda, tunaenda hospitali na hakuna mtu wa kunijibu."

Koko Berthe akaketi ng'ambo ya meza na rozari yake. Alitazama mrija, mimi nikatazama saa. Nilimsikia akifika fumbo la tatu. Dakika ishirini zilipokwisha nikainua mrija wangu na kuupindua: damu ilishikamana chini kama jeli, haikuteremka. Nikapindua wa Bénie. Ikamwagika mezani yote, nyepesi kama chai.

Lusenge alitoka mbio kutafuta pikipiki.

"Basi damu yako iko na nguvu kuliko ya mutoto," akasema Koko Berthe, akifuta meza kwa kitenge chake. "Ulikula asubuhi?"

Hospitalini walitupokea vizuri. Siwezi kuwasema vibaya. Daktari alirudia kipimo kilekile, akapata jibu lilelile, akanituma kwa Hadjara, mkuu wa farmasi. Hadjara ni mwanamke mnene, mwenye sauti ndogo. Hakunieleza maneno mengi. Alifungua friji, akanionyesha rafu moja baada ya nyingine.

"Hii ya pepopunda. Hii ya mbwa. Hii insulini. Serumu ya nyoka, dada, ile ya mwisho tarehe yake ilipita, tukaitupa. Tuliomba ingine tangu mwezi wa pili."

"Butembo?"

"Nimepigia Butembo wakati ulikuwa nakuja. Hakuna. Nimepigia Bunia. Hakuna. Goma unajua mwenyewe njia yake, ni vita tu. Kuko mutu yangu ku Kasindi, anauliza ng'ambo ya mpaka. Wao pia wako natafuta."

Aliacha mlango wa friji wazi muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa, kana kwamba nilihitaji kuangalia zaidi. Nilipomwuliza daktari kama serumu ingefaa kwa nyoka mdogo wa kijani, alikuwa mkweli. Alisema zile zinazofika huku zinatengenezwa kwa nyoka wengine. Pengine ingefaa. Pengine hapana.

Nilirudi kwenye korido. Lusenge alikuwa ameketi chini, kofia magotini.

"Wamesema nini?"

"Watamtilia damu. Damu mpya, ya moto, ya watu wa familia."

"Na dawa ya nyoka?"

"Haiko."

Akafikiri. "Sasa tunafanya nini?"

"Tunangoja."

"Na kule ku shamba tulikuwa nangoja." Hakusema kwa ukali. Akaongeza, akitazama kofia: "Kanyere, mi nitakuambia kitu. Ile jiwe ya padri sikuaminiaka sana. Hata nikiwa mutoto. Batu balikufa nayo, niliona. Lakini yako niliaminia. Nilisema hii ilifanywa na mutu wa labo, mutu wa diplome. Njo maana sikukimbiza mutoto ku hospitali."

Kwa miaka ishirini ya ndoa nilikuwa namwomba mwanaume huyu aamini labo.

Alitoa damu, Zorobabel naye akatoa, akilia kama mtoto kwa kuogopa sindano na huku akisema, "Mutoe hata mbili, mutoe." Jumatano asubuhi niliingia na mrija wangu. Maji. Ufizi wa Bénie ulikuwa bado unavuja na mkojo wake ulikuwa na rangi ya divai. Alikuwa anazungumza kidogo, tena mambo ya ajabu, kama nani atamwagilia nyanya zake. Mchana Koko Berthe akaja na bakuli la maziwa lililofunikwa kwa sahani. Nilijua kilichomo kabla hajafunua.

"Hapana, mama. Hapa ni hospitali."

"Munganga amemupatia nini?"

"Damu. Na maji."

"Hiyo ni chakula. Dawa ya nyoka amemupatia?"

"Hapana."

"Wewe uko na dawa ya kumupatia?"

Nilikuwa na mirija mitatu. "Hapana."

"Basi hata wewe hauna kitu, hata ye hana kitu. Mi niko na jiwe. Unakatala ju ya nini?"

Ninajua jibu. Ningeweza kuliandika ubaoni kwa wanafunzi. Kati ya watu kumi wanaoumwa, wengi wangepona hata ukiwawekea ganda la ndizi, kwa sababu si kila nyoka ana sumu na si kila mwenye sumu anaimwaga yote. Jiwe linajipatia sifa za wale wanaopona, na wale wanaokufa wanaitwa wenye kuchelewa. Niliyasema yote. Koko Berthe alinisikiliza hadi mwisho.

"Weka basi ganda ya ndizi," akasema. "Mutoto yako ule pale. Weka kitu."

Nesi alikuwa ametoka. Bénie alikuwa amefumbua macho, ananitazama mimi, siyo bibi yake.

"Bila wembe," nikasema. "Ukimchanja hata mara moja, nakutoa humu ndani."

"Bila wembe," akakubali upesi, na akaliweka juu ya tundu la meno ya nyoka palipokuwa pakilowa bado. Likashika. Mimi nikashika mkono mwingine. Tulikaa hivyo mpaka nesi aliporudi, na nilipomwona anakaribia, mimi ndiye niliyefunika jiwe kwa shuka.

Alhamisi, maji. Ijumaa asubuhi damu ilikuwa nzito kidogo, lakini niliposogeza mrija ikateremka. Ijumaa jioni jiwe likaanguka. Jumamosi saa mbili asubuhi nilipindua mrija na damu ya binti yangu ikabaki juu, imeshika kioo, haimwagiki. Niliuweka mezani kwanza, nikaandika tarehe na saa katika daftari langu. Kisha nikauinua tena ili wote waone.

Ninaweza kueleza. Sumu ya aina ile mwili unaimaliza wenyewe kwa siku nne, tano, ikiwa mtu hatakufa kwa kuvuja damu kabla. Na damu ya Lusenge na Zorobabel ndiyo iliyomvusha. Daktari alisema vilevile. Koko Berthe aliomba nifungue daftari langu.

"Andika," akaniambia. "Si njo unapendaka, tarehe na saa? Andika: jiwe ilianguka Ijumaa, damu ikashika Jumamosi. Andika vile uliona na macho yako."

Nilikuwa nimeshaandika. Ilikuwa mistari miwili, mmoja chini ya mwingine, kwa mwandiko wangu.

Jumapili ya wiki iliyofuata alitoa ushuhuda kanisani, Bénie amesimama kando yake, mkono umefungwa bandeji. Mwezi wa kumi watu walianza kufika nyumbani kwangu Butembo. Hawakuja kwenye kituo cha afya, walikuja nyumbani. Mtu mmoja alitoka hadi Kasugho, siku mbili njiani, akaniambia kule kuna watu wanauza mawe ya uongo.

"Hata yangu ni ya uongo," nikamwambia.

"Yako iliponya mutoto yako mwenyewe," akajibu kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

Siku moja ya soko mama mmoja wa Musienene aliacha viazi vyake kwa jirani akanifuata. Nilimketisha jikoni. Nilimwonyesha kila hatua: mfupa, msumeno, mkebe, makaa, saa moja. Nilimtengenezea mbele ya macho yake ili aone hakuna sala, hakuna siri, hakuna kitu. Nikamwambia mtu akiumwa asichanjwe, asifungwe kamba, apelekwe hospitali. Alisikiliza vizuri, akarudia yote bila kukosea.

"Sasa unaweza kufanya mwenyewe," nikasema.

Akacheka kwa aibu. "Eh, mama. Ya mi haitakuwa na diplome."

Alinishukuru, wasingya, wasingya, na nilipogeuka kumimina maji akachukua kile kipande kilichokuwa bado moto, akakifunga kwenye pembe ya kitenge na kwenda. Sijui amekitumia kwa nani.

Nimeandika barua tatu kuomba serumu, na Hadjara ameandika za kwake. Nimewanunulia wafanyakazi wote wa shamba mabuti marefu. Lusenge anasema wanayavaa siku ya misa, kwa sababu ni mazuri mno kuyapeleka shambani.

Wiki iliyopita, likizo ya Pasaka ilipoanza, Bénie alifunga mkoba wake kwenda kwa baba yake. Vidole viwili vya mkono ule havikunjiki vizuri, lakini panga anaweza kushika. Nilikuwa nampangia nguo nikakuta jiwe katika mfuko wa pembeni, ndani ya soksi.

"Bénie. Wewe unasoma kemia."

"Ndiyo, mama."

"Uliniona nikilitengeneza. Ulikula nyama ya mfupa huu."

"Niliona. Ni mfupa."

"Basi la nini?"

Alikuwa anakunja blauzi. Aliikunja hadi mwisho.

"Mama, siku ile, kama papa angenipeleka hospitali saa ileile, wangenipatia nini?"

"Wangekuangalia. Usingechanjwa. Usingepoteza damu nyingi vile."

"Na serumu?"

"Haikuwako."

"Sasa iko?"

Nilikuwa nimempigia Hadjara jana yake. "Bado."

"Basi, mama," akasema. Hakuwa na dharau. Alisimama akinyoosha mkono, akingoja nimpe, na mimi nilikuwa na mengi ya kusema, yote ya kweli.

Gari ya Beni ilikuwa inapiga honi mara ya pili. Nikalirudisha jiwe katika soksi, soksi katika mfuko, nikavuta zipu, na kumwambia aharakishe, dereva hataki kuchelewa kwenye barabara ile.